Mikono ya Fundi Lukwele

Agusaye mawili humshuku asiyegusa.

Ndivyo mama yenu alivyowaambia asubuhi, nanyi mkanuna. Mlibadili chakula cha vifaranga, siku hiyohiyo mkawapa na dawa mpya, wakafa tisa, na kabla hata hamjawazika mlikwisha kukubaliana kwamba ni jicho la Mama Semeni wa nyumba ya pili. Sasa mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi, maana kwenye vitabu vya shule hamkuikuta. Hamtaikuta. Ilizaliwa hapahapa Morogoro, mbele ya macho yangu, na chanzo chake nitawaeleza. Kaeni vizuri. Na wewe Method, acha kunitafunia muwa sikioni.

Kaka yangu Gaudensi, huyu mnayemwona leo akitembelea fimbo, alikuwa dereva wa mbio za magari. Alikuwa na gari la michezo la milango miwili, jekundu, lenye tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ili iwe na nguvu zaidi. Mimi nilikuwa msoma ramani wake. Nilikaa kushoto na daftari mapajani, nikimwambia kona ijayo ni kali au ni ya kawaida, naye aliniamini. Tulikuwa na gereji yetu Kihonda, na katika gereji hiyo alikuwapo Fundi Lukwele.

Fundi Lukwele alifanya kazi na kaka kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa mtu wa maneno machache mno, hata ukimsalimia ulihisi umemdai. Lakini alikuwa na desturi moja aliyoishika kama swala. Gari likibadilishwa kitu, kinabadilishwa kimoja tu. Kisha linapelekwa kwenye barabara ya vumbi ya shamba la mkonge, linazungushwa mara tatu, na likirudi salama Fundi anaandika kwa chaki kwenye geti la bati: springi, sawa; breki, sawa. Ndipo kitu cha pili kinaguswa. Geti lile lilijaa chaki toka juu mpaka chini, na mafundi wa gereji nyingine walikuja kulisoma.

Basi ukafika mwaka wa mashindano makubwa ya mkoa. Siku tano kabla ya mbio, kaka akapokea vitu viwili kwa mpigo. Cha kwanza ni matairi mapana, laini, yanayoshika barabara kama kupe. Cha pili ni tangi jipya la mafuta, la aluminiamu, jepesi kuliko lile la kiwandani, lililochomelewa na fundi mmoja wa mjini. Kaka alitaka vyote viwili vifungwe siku hiyohiyo.

"Kimoja," akasema Fundi Lukwele.

"Fundi, mbio ni Jumapili. Hiyo chaki yako itatuchelewesha."

"Kimoja, bwana Gaude. Ukitaka viwili, mikono yangu haimo."

Akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akajifuta, akaenda kukaa kwenye benchi. Kaka akakasirika, akavifunga mwenyewe, nami nikamshikia spana. Getini hatukuandika chochote.

Kesho yake tukaenda shambani kulijaribu. Mizunguko miwili ya kwanza gari lilikimbia vizuri kiasi kwamba nilijikuta nacheka peke yangu. Mzunguko wa tatu, katikati ya ile kona ndefu ya kushoto inayozunguka kisima cha shamba, injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikakata nguvu, tukayumba hadi ukingoni mwa mtaro. Tulipotoka kwenye kona, injini ikaamka kana kwamba haikuwa na neno.

Na pale kwenye kona, amesimama na mikono nyuma, alikuwa Fundi Lukwele.

Mimi ndiye niliyesema wa kwanza, siwafichi. Nilisema, "Mbona anasimama pale pale linapozimikia?" Kaka akageuza shingo kumtazama. Ukishamwonyesha mtu mwiba, kila nyasi atakayoikanyaga itamchoma.

Toka siku hiyo tukawa hatuli tukashiba. Tulimchunguza Fundi alivyoingia, alivyotoka, alivyoshika mfuko wake. Kwa nini alinawa mikono mapema vile, kama mtu anayejua kesi inakuja? Kwa nini gari linaanza vizuri na kuugua baadaye, kama lililotegewa saa? Siku ya pili mtu akatuletea habari kwamba Fundi ameonekana akinywa kahawa na Sanga, fundi wa gari la wapinzani wetu. Walikuwa wakinywa kahawa pamoja kwa miaka saba, na sote tulijua. Lakini wiki ile kahawa hiyohiyo ikawa na harufu nyingine.

Tulipofunga gereji jioni nilinyunyiza majivu kulizunguka gari, ili atakayelikaribia aache nyayo. Asubuhi tukakuta nyayo za kuku. Kaka akaziinamia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Devota, huyu kuku ni wa nani?" Leo mnacheka. Siku ile hatukucheka. Tulimfuata yule kuku hadi kwao.

Siku ya tatu gari likakohoa tena, mara hii vibaya zaidi, kona ileile. Fundi Lukwele akasogea dirishani, akasema neno moja tu: "Jazeni tangi, mjaribu." Tukajaza hadi juu. Gari likazunguka mara mbili bila hata chafya.

Mngedhani tungemshukuru. Kaka aliniangalia, nami nikamwangalia, na sote tulikuwa tumefikia mahali pamoja: anayejua dawa ndiye aliyetia sumu. Mzunguko uliofuata gari likakohoa upya, na hilo nalo tukalihesabu juu yake.

Ijumaa mchana kaka akavunja ukimya. Hakumwita Fundi pembeni kama watu wenye haya wanavyofanya. Alingoja gereji ijae, wakawapo wenye gereji wanne wa Kihonda waliokuja kututakia heri, na Sanga mwenyewe. Sanduku la spana za Fundi lilikuwa tayari limefungiwa stoo kwa kufuli.

"Lukwele," akasema kaka, bila hata kuanza na neno Fundi, "nani amekununua?"

Fundi Lukwele alikuwa na kipande cha muhogo mkononi, akakiweka juu ya benchi taratibu. Aliwatazama wale wenye gereji mmoja mmoja. Alijua, na sote tulijua, kwamba fundi akishaitwa mhujumu katika mji huu, hapewi hata baiskeli kuziba pancha. Miaka yake yote ya kazi ilikuwa imesimama pale ikisubiri jibu.

"Sijanunuliwa," akasema.

"Basi gari linakufa kwa nini?"

"Sijui."

"Hujui! Na kujaza tangi ulijuaje?"

"Nilikisia. Halikohoi likiwa limejaa, linakohoa likipungua. Zaidi ya hapo sijui, na wewe hujui, kwa sababu ulibadili viwili. Kingekuwa kimoja tungejua siku ileile."

"Maneno hayo."

"Basi tuache maneno." Fundi Lukwele akainyosha mikono yake mbele. Ilikuwa na makovu ya moto na kucha nyeusi za grisi. "Nifungeni. Mimi nikae hapa benchi, mbele ya watu hawa. Wewe rudisha kimoja, chochote ukitakacho, weka mafuta nusu tangi, ulizungushe. Kisha rudisha na kingine. Likikohoa nikiwa nimefungwa, mtafute mchawi wenu kwingine."

Nilitegemea mtu aseme, "Hapana, Fundi, hatujafika huko." Hakuna aliyesema. Likaletwa pande la mpira wa ndani wa tairi, likakatwa utepe, na mikono ya Fundi Lukwele ikafungwa kwa mbele, mafundo mawili. Akakaa. Muhogo wake ulikuwa pale pale kando yake, hakuweza tena kuushika.

Tukarudisha matairi ya zamani, tangi jipya tukaliacha. Mafuta nusu. Tukazunguka mara sita. Gari halikukohoa.

"Ni matairi!" akasema kaka, amefurahi.

"Usiseme bado," akasema Fundi kutoka benchi.

Tukafunga matairi mapya, tangi la zamani tukalirudisha mahali pake. Mafuta nusu. Mizunguko sita. Halikukohoa. Kaka alishuka akiwa amekunja uso, maana sasa matairi hayana kosa, na tangi nalo halikuwa na kosa.

Mara ya tatu tukafunga vyote viwili, kama kaka alivyofanya mwenyewe siku ya kwanza. Tulipoingia kona ya kisima injini ikakohoa, ikazimika kabisa. Tukakaa ndani ya gari lililonyamaza, vumbi likitushukia, na mtu aliyeshukiwa yuko gereji, maili tatu kutoka pale, amefungwa mikono mbele ya mashahidi wote wale. Kaka akaweka paji la uso juu ya usukani. Mimi niliona aibu ikinipanda toka miguuni.

Tuliporudi, ni Sanga, yule mpinzani, aliyelifungua tangi jipya na kulimulika ndani. Lilikuwa wazi kama debe. Tangi la kiwandani lina vikuta vidogo ndani vinavyoyazuia mafuta yasikimbilie upande mmoja; hili la kuchomelewa halikuwekewa hata kimoja. Kwa matairi ya zamani gari halikuweza kukata kona kwa kasi ya kuyamwaga mafuta upande. Kwa matairi mapya liliweza, na kwenye kona ndefu ya kushoto mafuta yote yalikimbilia kulia, pampu iliyo kushoto ikanyonya hewa. Tikiseni chupa iliyojaa maji, haichezi. Tikiseni iliyo nusu. Ndiyo siri yote. Hapakuwa na mchawi, hapakuwa na hongo, na kuku wa watu hakuwa na habari.

Kaka akaenda mwenyewe kumfungua. Utepe ulikuwa umekaza, ikabidi aukate kwa kisu. Akapiga goti pale kwenye grisi.

"Fundi, nisamehe. Rudi kazini. Jumapili tuko pamoja."

Fundi Lukwele alikuwa akijisugua vifundo vya mikono. "Nimekusamehe, bwana Gaude," akasema. "Lakini gari limepona, sisi bado."

Akauchukua muhogo wake, akaufuta vumbi, akala. Kisha akaomba ufunguo wa stoo. Alipolibeba sanduku lake akasimama getini, akatafuta nafasi iliyobaki kwenye lile bati, akatoa chaki mfukoni na kuandika maneno manne: Agusaye mawili humshuku asiyegusa. Hakuweka "sawa" mbele yake, kama alivyozoea. Akaenda zake. Mwenye gereji mmojawapo wa wale wanne alimchukua siku hiyohiyo, na kwake ndiko alikozeekea.

Sisi Jumapili tulikimbia na matairi mapya na tangi la zamani, tukawa wa nne. Kaka hakukubali maneno yale yafutwe. Mvua ilipoanza kuyala aliyapaka rangi juu, herufi kwa herufi. Mafundi wakayasoma, wakayapeleka stendi ya mabasi ya Msamvu, abiria wakayabeba, na leo mama yenu, ambaye hajawahi kushika spana, anawatupia ninyi kwa ajili ya vifaranga.

Leokadia ameniuliza swali nililotaraji mtalisahau. Ameuliza, "Bibi, nani alimfunga Fundi mikono?"

Mimi, mjukuu wangu. Kaka alikata mpira, mafundo nikapiga mimi, mawili, nikavuta nione kama yamekaza. Fundi aliniangalia usoni, akasema taratibu, "Kaza, dada Devota, wasije wakasema ulinionea huruma." Na mimi nikakaza.

Kwa hiyo inukeni sasa, mwende kwa Mama Semeni kabla hajasikia kwa watu mliyomsema, nami nitakwenda nanyi. Njiani tuikumbuke: agusaye mawili humshuku asiyegusa.