Walimpigia Makofi Mgonjwa

Ndugu zangu, hebu acheni kujipepea kidogo mnisikilize. Kwaya, nimeziona sare zenu mpya, zimewapendeza kweli, nitazirudia. Kwanza niwape kisa cha watu wengine waliopendeza.

Palikuwa na bwana mmoja, mkuu wa zamu kwenye kituo cha gari la wagonjwa. Kazi ile kwao ilikuwa ya damu. Babu yake alikuwa miongoni mwa wale waliobeba wagonjwa mabegani, juu ya kitanda cha kamba, wakishuka nao mlimani mpaka hospitali, enzi ambazo gari halijafika kule. Na wazee wale waliacha neno moja, ambalo kila mfanyakazi mpya wa kituo alifundishwa kabla hata hajapewa sare: mguse kwanza. Ukifika kwa mgonjwa, achana na kelele za watu. Weka mkono wako mwilini mwake, utajua la kufanya.

Basi kituo kikatimiza miaka hamsini. Wee! Ikaandaliwa sherehe si mchezo. Gari likaoshwa likameremeta, likafungwa mapambo. Mtungi wa oksijeni, barakoa yake, mkoba wa dawa, vyote vikatolewa garini vikapangwa mezani, vikafungwa riboni nyekundu ili wageni wavione. Gari moja hilo, la mji mzima! Na yule bwana, kwa mapenzi ya babu yake, akaagiza kikundi cha maigizo kije kionyeshe wazee walivyobeba wagonjwa zamani. Waigizaji wenyewe hakuwahi kuwaona, mwenzake ndiye aliyepatana nao kwa simu.

Sherehe ikanoga. Bwana yule amekaa mbele, sare imenyooka, hotuba ya mguse kwanza iko mfukoni. Mara lango likafunguka. Watu wanne wakaingia mbio wakihema, kitanda cha kamba mabegani, na juu yake mama mmoja amefunikwa khanga.

"Ah, wamewahi!" akasema kwa furaha. Akasimama akaanza kupiga makofi, na watu wote wakasimama naye.

"Jamani, hapumui! Simu zenu hampokei!" akalia dada mmoja aliyekuwa amebeba upande wa mbele.

"Mnaona walivyovaa uhusika?" MC akadakia kwenye spika. "Vigelegele kwa dada huyo!"

Vikapigwa! Ndugu zangu, mnaelewa ninachowaambia? Yule mama ana pumu, kifua kimembana, midomo imegeuka rangi. Majirani wamepiga simu mpaka wamechoka, nayo inalia ofisini, muziki umeimeza. Wakamlaza kwenye kitanda cha uani kwake wakakimbia naye. Wamefika kwa watu pekee mji mzima wenye hewa ya kumpa, na watu hao wanampigia makofi! Makofi, jamani! Mimi hapa kusimulia tu mwili unanisisimka.

Kitanda kikatuliwa mbele ya bwana yule. Bado anatabasamu. Mkono wa mama ukaporomoka, ukaning'inia, naye akainama aurudishe juu, ili picha zitoke vizuri.

Akaugusa. Ulikuwa wa baridi, umelowa jasho, na kucha zilikuwa za buluu.

"Zima muziki!" akapiga ukelele. "Huyu anaumwa kweli! Mungu wangu, anakufa! Leteni oksijeni!"

Wakaivamia ile meza, wanakata riboni kwa meno, wengine wanafanya kazi huku machozi yanawatoka.

Mama hakufa. Kesho yake bwana yule akamfuata wodini, hakuvaa sare.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nimekuja kukuomba msamaha. Mimi ndiye niliyeanza kupiga makofi."

"Niliyasikia," akasema yule mama taratibu. "Nikajua basi, nimeshakufa, huko nilikofika wananipokea. Nikaacha kuhangaika kupumua."

Haya, na sisi je? Tumekuja leo kusherehekea kanisa letu. Tuna sare, tuna picha za waliotutangulia pale ukutani, na neno walilotuachia kila mmoja wetu analijua kwa moyo. Jumapili iliyopita mama mmoja alikuja hapa mbele, akapiga magoti, akalia mpaka sauti ikamkauka. Tulifanya nini? Tulipiga vigelegele! Kinanda kikapandishwa! Tukasema Roho ameshuka. Labda alishuka, sibishi. Lakini nani alimwinamia akamshika mkono, akamuuliza, mwenzetu, una nini? Wazee wa kanisa? Akina mama? Mimi mwenye joho?

Leo nimeangalia benchi lake, pale karibu na dirisha. Geukeni mpaone. Hayupo.

Kwaya, msisimame, leo hatufungi kwa wimbo. Tunatoka wote sasa hivi tunakwenda kwake. Anayejua nyumba yake anyooshe mkono atuongoze.

Nimesema anayejua nyumba yake.

Jamani. Hata mmoja?