Fisi Aenda Kumtazama Mzazi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupigiana hodi... We unayetafuna muwa, tema kwanza, hii sitairudia! Basi Bi Digidigi alijifungua mtoto. Siku ya tatu mumewe akiwa porini, akasikia mlangoni:

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Ilikuwa sauti ya Fisi. Bi Digidigi moyo ukamlipuka. Mlango wake ulikuwa wa nyasi, kuufunga kusingesaidia kitu. Haraka akamfunika mtoto kwa kapu, akaketi kando yake.

"Karibu, shemeji."

Fisi akaingia mikono mitupu. Mnamwona? Anakwenda kumtazama mzazi hana hata kibaba cha unga!

"Hongera, shemeji! Baba mtoto yuko wapi?"

"Katoka."

"Anarudi saa ngapi?"

"Jioni."

"Na majirani? Ukipiga kelele wanasikia?"

Bi Digidigi akaliegemea kapu. "Kwani unaulizia nini, shemeji?"

"Aa! Nakuhurumia tu. Na mtoto analala wapi?" Udenda ukamdondoka Fisi, to! juu ya kapu.

Mle ndani ya kapu: chya! Mtoto akapiga chafya.

Fisi akasimamisha masikio. "Nini hicho?"

"Chya! Chya!" Bi Digidigi akadakia. "Mafua, shemeji. Ndiyo maana mtoto nimemtenga, nisije nikamwambukiza. Nimemlaza uani, ndani ya lile gogo lililofunikwa majani. Tafadhali usimwamshe."

"Mimi? Hata! Basi nakwenda, ugua pole."

Akatoka. Bi Digidigi akamchukua mtoto, akambana kifuani. Akasikiliza. Akasema moyoni, "Akishika njia ya kwao, nitamfuata nimwombe radhi kwa kumdhania vibaya."

Nyatu, nyatu, nyatu. Nyayo hazikwenda njiani. Zilizunguka nyuma.

Kwaruu! Ua wa matete ukapasuliwa. Ndani ya gogo kitu kikavuma, vuuu...

"Anakoroma, kitamu changu!" Fisi akanong'ona, akachomeka mdomo wote.

Kumbe lile gogo ni mzinga wa nyuki! Wakamtokea wote kwa pamoja.

"Uwiii! Mama weee! Shemeji, umenidanganya!"

"Nimekudanganya, ndiyo!" Bi Digidigi akapaza sauti, machozi yanamtoka. "Ungekwenda kwako, uongo wangu ungekuuma wapi? Si ulisema unanihurumia? Huruma ndiyo iliyokuvunjisha ua wangu?"

Fisi midomo ikamvimba. Alitimua mbio mpaka mtoni, na kwa Bi Digidigi hakupiga hodi tena.

Basi wanangu, kabla hujamuuliza mwenzako swali, jiulize wewe kwanza jibu lake unalitakia nini.