Mtu Aliyekuwa na Swali

Mtu mmoja alikuwa na swali. Wengine wana ng'ombe, wengine wana shamba la mihogo bondeni; yeye alikuwa na swali moja tu, na kwa swali hilo aliheshimiwa mji mzima. Jina lake Mfaume, fundi viatu, na timu yake ilikuwa Kinu, timu ya wasaga unga wa Mbugani.

Sikilizeni vizuri, ndugu zangu, maana jambo hili linatuhusu. Mashabiki wa Kinu walikuwa na tawi lao, banda la mabati lililopakana na mashine ya kusaga, lenye mabenchi manne na bendera moja. Kila Jumamosi kabla ya mechi walitegana maswali. Si maswali ya watoto, ya nani nahodha na nani kocha. Ukiuliza hayo unazomewa mpaka utoke nje. Walitaka yale yaliyozama. Beki gani alicheza kipindi kizima na kiatu kimoja? Refa gani alipuliza filimbi ya mwisho akiwa tayari juu ya baiskeli yake? Kocha yupi alifukuzwa Jumatatu, akaombwa radhi Jumatano? Nimeyasikia maswali hayo kwa masikio yangu, na nakiri mbele yenu kwamba ni matamu. Mtu mzima na mvi zake anasimama, mishipa ya shingo imemtoka, anapiga kifua na kusema, "Haya, nijibuni basi!" Na banda zima linakuna vichwa.

Mwenye swali lisilojibika ndiye aliyekuwa mshika bendera. Yeye hutangulia kuingia uwanjani, nyuma yake ngoma, nyuma ya ngoma watu wote. Siku swali lake likijibiwa, anamkabidhi bendera aliyejibu, papo hapo, bila kinyongo. Na kwa kuwa majibu yaliyoandikwa kwenye karatasi yalikuwa yakiibwa, walikubaliana kwamba jibu likae kichwani mwa mwenye swali. Yeye anauliza, na yeye ndiye anayesema umepata au umechemsha. Mnaiona wenyewe kasoro ya sheria hiyo. Wao hawakuiona, kwa sababu waliaminiana, au kwa sababu kila mmoja wao alitumaini kwamba siku moja mwenye swali atakuwa yeye.

Swali la Mfaume lilikuwa hili. Mwaka wa mvua kubwa, Kinu walicheza na Mwangaza, na wasiposhinda wanashuka daraja. Walikuwa sare, bao moja kwa moja. Dakika ya themanini mpira ukapasuka, na mpira mwingine hakuna. Mechi ikasimama. Kisha mpira ukapatikana, mechi ikaendelea, na Kinu wakafunga bao lililowaokoa. Bao lile lilifungwa kwa mpira wa nani?

Misimu kumi na mmoja walilitafuna swali hilo na hawakulimeza. Mfaume akatangulia na bendera msimu baada ya msimu, kifua mbele, na wake za watu wakawaambia waume zao, mwone mwenzako.

Sasa niwaambie jambo ambalo tawini hawakulijua. Aliyeuleta mpira ule alikuwa Mfaume mwenyewe. Alikuwa kijana wa miaka ishirini. Refa alipotazama saa yake na kusema anavunja mechi, Mfaume aliruka ua wa miti akatoka mbio kwenye mvua, akarudi na mpira kifuani, akaurusha uwanjani. Watu walikuwa wamejifunika magunia na majani ya migomba. Waliona mpira umerudi, hawakuuliza umetoka wapi. Hiyo ndiyo siku aliyoipenda kuliko zote maishani mwake, hata kuliko ya harusi yake, mkewe asisikie. Na hakuweza kumsimulia mtu. Miaka ishirini aliitunza ili siku moja iwe swali, na ilipokuwa swali, angeisimulia namna gani bila kulitoa jibu? Habari tamu kuliko zote alizokuwa nazo ndiyo aliyolazimika kuifungia mdomo, miaka kumi na mmoja, ili abaki na bendera. Nawaambia alikuwa akiumia.

Mwaka huo Kinu wakafika fainali ya kombe. Hawakuwahi kufika. Mji ulirukwa na akili. Watu walipaka punda rangi za timu. Fainali ilikuwa ichezwe kwenye uwanja mkubwa wa taifa, na mshika bendera wa kila timu alipewa ruhusa ya kushuka mpaka kwenye nyasi na kuuzunguka uwanja mzima kabla ya mchezo kuanza. Mfaume aliifua bendera kwa mikono yake. Alijishonea viatu vipya. Majirani walimwona uani akizungukazunguka na mpini wa ufagio begani, anajifunza mwendo, na alipogundua kwamba anatazamwa akajifanya anafagia. Yamebaki maswali ya Jumamosi moja tu. Akivuka hiyo, nyasi ni zake.

Jumamosi ikafika, na banda likajaa hadi watu wakaning'inia madirishani. Kila mwenye ndoto ya kushika bendera alikuja na jibu. Wa kwanza kusimama alikuwa Pazi, karani mwenye daftari nene la habari za Kinu, aliyekuwa amekesha wiki nzima akilipekua.

"Mpira wa kambi ya jeshi!"

"Umechemsha!" akasema Mfaume, na banda likalipuka kwa kicheko.

Dereva mmoja akasema ulitoka dukani. Amechemsha. Mwingine akaapa kwamba Mwangaza wenyewe walikuwa na wa akiba, wakauficha, wakaona aibu, wakautoa. Amechemsha. Ngoma ikawa inapigwa kila mtu akikosa, na mwenyekiti wa tawi, mzee Chande, akatazama saa na kuuliza kama kuna mwingine, maana muda umekwisha.

Basi akainua mkono mwanamke mmoja aliyesimama mlangoni. Aliitwa Sikudhani. Alikuwa na wiki tatu tu hapa mjini, amekuja kumlea binti yake aliyejifungua, na siku hiyo alikuwa ameleta mahindi mashineni. Alisikia ngoma, akachungulia, na alipolisikia swali akaweka ndoo yake ya unga chini. Akauliza kama asiye na kadi ya uanachama anaruhusiwa kujibu.

"Swali halina kadi, mama," akasema mzee Chande. "Sema."

"Ulikuwa mpira wa pete," akasema Sikudhani. "Ulikuwa wetu, wasichana wa shule ya msingi Mtakuja, kule kwetu, ng'ambo ya barabara kutoka uwanja wa Mwangaza. Mvua ilitufukuza mazoezini, tukawa tumejibanza barazani. Akaja kijana mmoja mbio, matope mpaka kwenye nyusi, hata salamu hakutoa. Akasema, nipeni huo mpira, Kinu wanakufa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeushika. Nikampa."

Banda lilicheka kuliko lilivyowahi kucheka. Mpira wa pete! Kinu waliokolewa na mpira wa pete! Watu walishikana mabega, Pazi alifuta machozi kwa daftari lake, na wote wakamgeukia Mfaume wamsikie akisema neno lake.

Ndugu zangu, simameni hapo kidogo pamoja naye. Hakutakiwa hata kusema uongo mrefu. Wenzake walikuwa wamekwisha kumhukumu mwanamke yule, wamemcheka, wamemaliza. Yeye alitakiwa kucheka pamoja nao tu, basi, na nyasi za uwanja wa taifa zingekuwa zake. Bandani mle waliolijua jibu lile walikuwa wawili: yeye, na mgeni mwenye unga mikononi ambaye hakuna aliyemjua jina. Nani angemwamini?

Mfaume hakucheka. Alimtazama Sikudhani, na midomo yake ikaanza kucheza kama ya mtu anayetaka kulia. Kicheko kikapungua, kikaisha.

"Amepata!" akapiga kelele. "Amepata! Jamani, amepata!"

Aliruka benchi. Aliangusha kreti ya soda. Alimshika mkono mzee Chande akauachia, akamshika Pazi akamwachia, akaichomoa bendera ukutani akaenda nayo mlangoni na kumpa Sikudhani kwa mikono miwili. Watu walipigwa na butwaa, maana hawakuwahi kumwona mtu akishindwa namna ile. Mzee Chande akamuuliza kama ana akili timamu, ameshindwa halafu anashangilia.

Mfaume akajibu, "Miaka thelathini na mmoja nimekuwa kwenye mechi ile peke yangu, mzee. Leo nimepata mwenzangu."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tawini kwa misimu kumi na mmoja. Aliuliza swali ambalo jibu lake hakulijua. Alimsogelea Sikudhani, akauliza kwa sauti ndogo, kwa woga, "Yule kijana wa matope ni mimi. Bao lile, mliliona?"

"Tuliliona!" akasema Sikudhani, naye sasa macho yanamwaka. "Ulipotoka tu, tukaburuta madawati mpaka ukutani, tukapanda juu yake, wasichana kumi na wanne, mvua inatumwagikia. Ule mpira ulikuwa mwepesi, kaka yangu, tulijua wenyewe. Winga wenu alipoupiga, upepo ukauchukua, kipa akaenda kulia, mpira ukaenda kushoto. Tulipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akatoka na fimbo. Tukachapwa wote, na bado tunaimba!"

Mfaume hakuwa amejua hilo. Kwa miaka yote ile alidhani nyuma yake, alikotoka na ule mpira, hakukuwa na mtu aliyelitazama bao lile. Sasa akaketi sakafuni, mtu mzima, akamsihi asimulie tena, na tena, na mashabiki wakavuta mabenchi karibu. Pazi akaliandika lote. Kipa wa Mwangaza alikuwa nani, goli lilikuwa la upande gani, nani alibebwa mabegani. Sikudhani akisahau, Mfaume anajazia, Mfaume akikosea, Sikudhani anamsahihisha. Mechi ile, ambayo ilikuwa ya mtu mmoja, jioni hiyo ikawa ya banda zima.

Siku ya fainali, Sikudhani alishuka kwenye nyasi na bendera. Mfaume alikuwa jukwaani katikati ya wenzake, sauti imemkauka kabla mechi haijaanza. Kama Kinu walishinda au walifungwa, msiniulize. Hilo hata mtoto anaweza kuwajibu.

Mimi nina langu la kuwauliza. Wewe uliyekaa hapo, mwenye jambo moja unalolijua kuliko wenzako wote, unalowategea kila wanapokusanyika, na hakimu ni wewe: akija mgeni mlangoni na jibu lenyewe, nao wote wanamcheka, utasemaje?