Mkimbiaji wa Ipogolo

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Aonaye haya kuitaja shida yake hukosa wa kumsaidia. Liberatus, seremala wa Ipogolo katika miaka ya 1950, aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila hakudhani kuwa ilimhusu.

Alipenda mbio kama nyuki apendavyo ua. Kila alfajiri alipanda mlima hadi Iringa mjini na kushuka, akijiandaa kwa mashindano ya jimbo kule Mbeya. Aliamini kuwa tumbo jepesi ndilo lenye kasi, hivyo ugali aliuonja tu akanawa. Baada ya muda miguu ikawa mizito, mashavu yakabonyea. Kubwa zaidi, hamu ya unyumba ikamtoka, akawa anamgeuzia mgongo mkewe Apolonia. Alikufa na tai shingoni, asimwambie mtu shida yake.

Mtoto hawakuwa naye. Rozalia, mama yake Liberatus, akamtwika mkwewe lawama zote, akawa anamchemshia mizizi michungu kama shubiri. Siku moja Apolonia aliinywa, akatapika hadi akapiga magoti uani.

"Kunywa tena," Rozalia akasema. "Ukishindwa, utarudi kwenu."

Liberatus moyo ukamchoma. Akakinyakua kikombe na kuimwaga ile dawa.

"Mama, mwache. Si yeye. Ni mimi."

Apolonia akainua uso. "Kumbe hukunichoka?"

"Sikukuchoka, mke wangu. Niliona haya."

Kesho yake wakaenda pamoja hospitali ya misheni. Daktari alimsikiliza, akampima.

"Bwana Liberatus, mwilini mna homoni impayo mwanamume nguvu na hamu. Yako imepungua, maana unakimbia mno na kula kidogo."

"Nasikia ipo sindano yake."

"Ipo. Lakini ukichomwa, mwili wako waweza kuacha kujitengenezea yake, na mbegu zikapungua. Kwanza pumzika, ule ushibe. Hali isipobadilika, tutaizungumzia hiyo sindano."

Mashindano ya mwaka ule yakampita. Rozalia, kwa soni, akawa ndiye ampikiaye mwanawe maharage na kumkamulia maziwa. Polepole nguvu zikarudi, na vicheko vya chumbani pia.

Hatimaye Liberatus alikimbia katika mashindano ya Mbeya. Hakushinda, lakini alirejea akitabasamu kama aliyetwaa kombe, kwani nyumbani Apolonia alikuwa akimnyonyesha binti yao. Hakika, mficha uchi hazai.