Mzizi wa Kota

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Maana yake ni kwamba mtoto huzaliwa siku moja, lakini kumlisha, kumfunza na kumvumilia mpaka awe mtu ni shughuli ya miaka na miaka. Wengi huipenda methali hii. Alikuwako hata hivyo mkunga mmoja ambaye hakuipenda hata chembe. Kila alipoisikia alisema kwamba aliyeitunga lazima alikuwa mwanamume, tena mwanamume ambaye hajawahi kupita hata chini ya dirisha la wodi ya wazazi. Wenzake kazini walicheka, wakamwacha na ubishi wake.

Mkunga huyo alikuwa amepokea watoto wengi mno, hata hakuweza kwenda sokoni bila kusimamishwa na mama fulani na kuonyeshwa mtoto "wake" alivyokua. Yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Alikuwa na binti wa kulea, ambaye nyumbani walimbandika jina la Maswali kwa sababu mdomo wake ulijua kuuliza kuliko kula. Mama mzazi wa Maswali alikuja wodini peke yake, akajifungua, na baada ya siku chache akafariki dunia. Matangazo yalitolewa redioni, hakuna ndugu aliyejitokeza. Mkunga alifuata sheria zote, akakaguliwa nyumba mpaka uvunguni mwa kitanda, mwishowe akakabidhiwa mtoto. Tangu siku hiyo alimpenda kama mboni ya jicho lake, na Maswali hakujua mama mwingine.

Sasa ukoo wao ulikuwa umepanga kukutana, wakubwa kwa wadogo, katika nyumba ya zamani ya familia. Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yake mkunga, ndiye aliyetoa wazo la kuchora mti wa ukoo ili watoto wasije wakaoana bila kujuana. Mzee huyu alikuwa mchora mabango. Nusu ya maandishi ya mji ule yalitoka kwenye brashi yake: vinyozi, maduka ya dawa, hata lile onyo la kutotupa taka ambalo chini yake taka zilijaa tele. Alinunua ubao mpana wa plaiwudi, akauchora mti wenye matawi manene, na kila mtu wa ukoo akapewa jani lenye jina lake. Kwenye shina aliandika kwa herufi kubwa jina la baba yake, ambaye wote walimwita Babu Kota.

Babu Kota alikuwa mwashi, na sifa zake ziliimbwa katika ukoo ule kuliko za mfalme. Iliaminika kwamba aliitwa Kota kwa sababu alijenga zile kota, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, ambazo mpaka leo hazijapata ufa. Mtoto akipanga vibao vyake vizuri, aliambiwa hiyo ni damu ya Kota. Akiwa na pua pana, hiyo ni pua ya Kota. Hata shemeji mmoja aliyeoa tu katika ukoo alikuwa ameanza kujisifia pua. Jambo moja tu lilikosekana: hakuna aliyejua wazazi wa Kota walikuwa nani. Baba Mkubwa alitaka mzizi uwe na jina kabla ya siku ya mkutano, naye akamkabidhi mkunga kazi ya kulitafuta, kwa kuwa mkunga hakushindwa na bibi kizee yeyote.

Siku mkunga alipokwenda karakana ya mzee kumweleza alikofikia, alifuatana na Maswali. Mtoto alizunguka ule ubao, akasoma majina ya binamu zake mmoja mmoja, kisha akasimama mbele ya jani la mama yake. Chini yake hapakuwa na kitu. Aliuliza la kwake litakaa upande gani. Baba Mkubwa alijishughulisha na kopo la rangi kama aliyepoteza kitu ndani yake, akamtuma mtoto akanunue soda.

Maswali alipotoka, mzee alisema taratibu, "Mwanangu, usinielewe vibaya. Mtoto tunampenda. Lakini mti wa ukoo ni wa damu. Nikianza kuandika kila tuliyemkaribisha nyumbani, huo utakuwa mti au soko?"

"Baba Mkubwa, siku hiyo watoto wote watasimama mbele ya huu ubao wakitafuta majina yao."

"Tutamnunulia zawadi nzuri."

Mkunga alichukua mkoba wake akasimama. Alilelewa kutobishana na mkubwa, na aliogopa kwamba akifungua mdomo atalia. Walirudi nyumbani, na njiani Maswali, aliyekuwa na soda mkononi hajaifungua, hakuuliza swali hata moja. Ukimya ule ulimkata mama maini. Alijua kabisa kwamba mtoto amesikia kila neno kutoka mlangoni, na kwamba siku ya mkutano atasimama pale ubaoni akijifanya hatafuti kitu.

Aliendelea kutafuta mzizi, ingawa moyo wake haukuwa tena katika kazi hiyo. Watu walimrusha huku na huku kama mpira, hadi alipoelekezwa kwa bibi mmoja mkongwe aliyekaa kwa mjukuu wake nyuma ya soko la mitumba. Mama yake bibi huyo alikuwa dobi enzi za pasi za mkaa, na ilisemekana walijuana na Kota. Mkunga alimkuta amekaa mbele ya televisheni akitazama mieleka, akimshauri mpiganaji mmoja amkamate mwenzake mguu. Masikio yalikuwa mazito, lakini kumbukumbu ilikuwa kali kama wembe.

Mkunga alimwamkia, akajitambulisha, akamwuliza kwa sauti ya juu kama alimjua baba yake Kota, yule mwashi aliyejenga kota.

Bibi alipunguza sauti ya televisheni, akamgeukia. "Kota gani hizo, mjukuu wangu? Yule aliitwa Kota kabla hajajua mwiko unashikwa upande gani."

Kisha akasimulia, na mkunga akasahau hata chai iliyowekwa mbele yake. Mama yake bibi huyo alikuwa na mwenzake wa kazi, mwanamke asiye na mume wala mtoto. Asubuhi moja mwanamke huyo alikuta furushi la nguo limeachwa mlangoni, kama wateja walivyozoea kuacha. Alipolifungua ili atenganishe nyeupe na za rangi, akakuta katikati ya mashuka kitoto kichanga kimelala. Alikibeba, akakitafutia maziwa. Yale mashuka aliyafua, akayatia wanga, akayapiga pasi na kuyakunja, akamngoja mwenyewe aje kuyachukua pamoja na mwanawe. Hakuja mtu. Majirani walipoulizana yule mtoto wa dobi katoka wapi, jibu likawa ni moja: kaokota. Kaokota, kaokota, mpaka likawa jina, na watoto wa mtaani wakalifupisha wakawa wanamwita Kota.

"Na yeye mama alifanyaje?" mkunga aliuliza.

"Wee! Yule hakuwa na aibu. Akiambiwa umeokota, anajibu: ndiyo, nimeokota, na wewe ukiona kingine kama hiki, niite." Bibi alicheka mpaka akakohoa.

Mwanamke huyo ndiye aliyemfulia fundi mwashi mmoja nguo bila malipo ili mwanawe afundishwe kazi. Kwa hiyo ile damu ya uashi iliyosifiwa ukoo mzima ilikuwa sabuni. Kota alipokuwa mkubwa, akaoa na kuanza kupata watoto, mama yake akaingiwa na hofu kwamba wajukuu watatukanwa kuwa ni kizazi cha kuokotwa. Wakati huohuo Kota akapata kazi ya kujenga kota za reli, wakahamia mtaa mpya wasikojulikana. Mama akaona mlango umefunguka. Ni yeye mwenyewe aliyetangaza kwa kila mteja kwamba mwanawe anaitwa Kota kwa sababu ya ujenzi ule, na kwamba yeye ni mfuaji tu aliyepewa chumba cha uani nyumbani kwa Kota. Kota alikataa, akagomba, lakini mama alimbembeleza kwa machozi mpaka akakubali kunyamaza. Alichokataa ni kuacha kumwita Mama. Nako hakukumfichua, kwa kuwa mwanamke yeyote mtu mzima huitwa mama, na watoto walipomwita Bibi, hakuna aliyeona ajabu.

"Mama yangu alimwapia kwamba hatutasema mpaka watoto wa Kota wakue," bibi alimalizia, akiongeza tena sauti ya televisheni. "Sasa ni wazee wa kutembea na fimbo. Nadhani wamekua."

Mkunga aliondoka pale moyo wake ukiwa umegawanyika. Upande mmoja uliruka kwa furaha, maana alikuwa amepata jibu la kumfunga mzee kinywa mbele ya ukoo mzima. Upande wa pili ulimwonea huruma. Baba Mkubwa alikuwa amejenga utu wake wote juu ya damu ya Kota, kama nyumba juu ya msingi, na mtu mwenye umri ule habomolewi hadharani. Tena alimwonea huruma yule dobi aliyejificha maisha yake yote. Akaamua atamwambia mzee peke yake, mchana, wakiwa wawili. Akikasirika na akasirike.

Na kweli alikasirika. Alisema bibi yule amechanganyikiwa, mieleka imemwingia kichwani. Alisema baba yake hawezi kuwa mtoto wa furushi. Alishika brashi, akaiweka, akaishika tena. Mkunga alimwuliza kitu kimoja tu: kama anamkumbuka mwanamke aliyekaa chumba cha uani.

Baba Mkubwa alikaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa.

"Namkumbuka," alisema. "Alikuwa ananipigia pasi shati la shule. Kola ilisimama ngangari kama ya hakimu. Alikuwa ananingoja barabarani, mvua inyeshe isinyeshe. Mimi nilidhani ndiyo kazi aliyoajiriwa." Alifuta uso kwa kitambaa cha kufutia brashi, rangi ya kijani ikamganda shavuni. "Siku mwanamke huyo alipofariki, baba alilia kama mtoto mdogo. Nilikuwa sijawahi kumwona analia. Nikashangaa, mwanamume mzima, anamlilia mfuaji."

Mkunga alimshika mkono. Alitaka kuzungumza habari za Maswali, akaona si wakati wake. Mzee ndiye aliyeanza, akiutazama ubao wake.

"Alijifuta yeye ili sisi tusomeke," alisema. "Na mimi nimesimama hapa nasema mti ni wa damu. Nikiukata kwa msumeno huo, wa kwanza kuanguka ni baba yangu, na mimi nikiwa juu yake."

Kisha akasimama. Alimwomba mkunga amwachie karakana, na akamwuliza jina halisi la yule mwanamke lilikuwa nani. Mkunga alimtajia, kama alivyoambiwa na yule bibi. Alilirudia kwa sauti ya chini, kama anayejifunza salamu aliyopaswa kuijua tangu utotoni.

Siku ya mkutano nyumba ilifurika. Viti viliazimwa mtaa mzima, na bado vijana walikaa kwenye ngazi. Ubao ulikuwa ukutani umefunikwa shuka. Mkunga hakujua kilichoandikwa, maana mzee alikuwa amefunga karakana yake siku zote zile. Alimshika Maswali bega, na alihisi jinsi mtoto alivyojikaza. Moyoni alikuwa amekwisha kupanga: jani likikosekana watatoka pamoja, yeye na mwanawe, bila ugomvi na bila kurudi.

Shuka lilipovutwa, watu walipiga makofi, kisha makofi yakafifia. Chini ya shina la Kota palikuwa na mzizi mmoja tu, mnene kuliko matawi yote, na ndani yake jina la mwanamke ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Yule shemeji mwenye pua aliuliza huyu ni nani, na ana uhusiano gani na Babu Kota.

Baba Mkubwa alisimama. Aliwasimulia habari ya furushi, ya mashuka, ya sabuni na ya chumba cha uani, bila kuficha kitu. Shangazi mmoja alianza kulia, na wengine wakamfuata. "Hakumzaa," mzee alimaliza. "Aliyemzaa hatumjui, Mungu amrehemu popote alipo. Huyu alimlea. Bila huyu hakuna hata mmoja wetu aliye hapa. Kwa hiyo nawaambieni nikiwa hai: katika mti huu, aliyelelewa ni wetu."

Kisha akamwita Maswali aje mbele. Mtoto alimtazama mama yake kwanza. Alipofika ubaoni alikuta jani lake chini ya jani la mama yake, limeandikwa jina lake kamili kwa herufi safi zilezile za binamu zake, na rangi yake bado mbichi kidogo. Alilisoma mara mbili. Akashuka kwa macho, tawi hadi shina, shina hadi mzizi, akamgeukia mzee.

"Babu, kwa hiyo huyu bibi wa chini ni bibi yangu na mimi?"

"Ni wako," alijibu Baba Mkubwa. "Wako kama alivyokuwa wa baba yangu."

Mkunga alilia pale aliposimama, hakujali nani anamwona. Alifikiria wanawake wawili ambao hawakuonekana ubaoni, yule aliyeacha furushi mlangoni na yule mama mzazi wa Maswali aliyefia wodini, akawashukuru wote wawili kwa uchungu waliouona. Uchungu huo alikuwa ameushuhudia mara nyingi kuliko mtu yeyote mle ndani, wala hakuudharau. Lakini mti uliokuwa mbele yake, pamoja na watu wote waliojaa nyumba ile, ulikuwa umesimama juu ya mikono ya dobi mmoja aliyefua mashuka ya watu na kubaki na mtoto. Kwa mara ya kwanza akaikubali ile methali: kweli, kuzaa si kazi. Kazi ni kulea.