Mji Uliobebwa Kiunoni

"Mjomba, umefanya nini?"

Nyange alikuwa ameketi mkekani na pedi ya gemu mikononi, uso umemkunjuka kama mtu aliyetoka kutoa sadaka. Salha, mpwa wake, alikuwa amekwenda kunywa maji tu. Aliporudi alimkuta shujaa wake wa gemu kasimama kwenye skrini, ukingoni mwa mto, na mtoni zinaelea panga, ngao, masufuria, mtumbwi, na farasi mzima na tandiko lake.

"Nimempunguzia mzigo," Nyange alisema. "Nimefungua kimkoba chake cha kiunoni nikaona maajabu. Mwanangu, mimi nimepika melini miaka na miaka, nimeshuka bandari za kila rangi, na sanduku langu halijapata kufungika bila mtu wa kulikalia. Huyu bwana anambebaje farasi kiunoni?"

"Ndivyo gemu zilivyo. Na wewe umevitupa vyote."

Hamdu, kaka yake Salha, alicheka hadi akajilaza. Mama yao, Bi Arafa, akainua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchambua. "Mlipe mtoto," alimwambia nduguye.

Nyange alijipapasa. Hakuwa na cha kulipia ila mdomo. "Basi hadithi inabisha hodi."

"Ifungulieni iingie," alisema Salha, bado kanuna.

Katika mji wa Gongoni, kando ya ziwa, walikuwapo ndugu watatu. Mize alijua kukunja: chochote alichokikunja kiligeuka kidogo kama kokwa ya tende, ila uzito wake ulibaki ule ule. Kombo alijua kubeba: mzigo uliowashinda maksai yeye aliunyanyua huku akipiga soga. Riziki alijua kuita: kilichokunjwa na Mize hakikunjuki mpaka kiitwe kwa jina lake, na Riziki hakusahau jina la kitu wala la mwenyewe. Kila mmoja alijiona ndiye nguzo ya nyumba, na hakuna aliyekosea.

Mwaka mmoja ziwa likapanda. Likameza mashamba, likaja kulamba vizingiti. Watu wakasema, tukimbie. Ndugu watatu wakasema, tukimbie na mji wetu.

Mize akakunja. Akakunja nyumba, kuta juu ya paa. Akakunja msikiti, kwanza akatawadha. Akakunja kisima na maji yake, akavitia vyote katika kimkoba cha ukili. Njiani kimkoba kikaanza kufura, naye akatembea ubavuni mwa Kombo akiikandamiza mikunjo mpaka kucha zikavuja damu. "Mkono ukiniteleza hapa," alisema, "nyumba zitatupasukia usoni."

Kombo akabeba. Mkoba wa mtoto, uzito wa mji. Watu walikwenda mikono mitupu huku wakimhimiza: "Kaza mwendo, bwana, si kimkoba tu hicho?" Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwenye mlima mwendo ukampungua, wakamshauri akitupe kisima. "Nikikitupa," alisema, "mtakunywa jasho langu?" Akapanda nacho.

Riziki akaita. "Kitanda cha Bi Mosi, chenye mguu mmoja wa kuazima." Kitanda kikatoka. "Mlango wa Mzee Shomari, unaolia ukiguswa." Ukatoka ukilia. Lakini kisima kiligoma. Hakikuwa na jina. Watu walisema kisima tu, basi, na sasa midomo ya watoto ilikuwa imewakauka. Riziki akafumba macho, akajirudisha Gongoni, kwenye foleni ya ndoo na ubishi wake, akamsikia bibi mmoja akikigombeza kila kamba iliporudi na maji nusu. "Mvivu," Riziki akaita, "Mvivu wa Gongoni, toka." Kisima kikatoka kimejaa pomoni.

Mji ukasimama mlimani, na watu wakatembea vifua mbele. Nani mwingine duniani aliyehama na kwao? Ila jina la mji uliozama halipewi mji ulio hai. Wazee wakakata shauri kwamba mji uitwe kwa jina la mtu mmoja, watoto na wajukuu walitaje popote watakapoulizwa kwao.

"Bila mimi mngebeba nini?" alisema Mize.

"Bila mimi mngefika wapi?" alisema Kombo.

"Bila mimi," alisema Riziki, "mngekuwa na kimkoba."

Wote watatu walisema kweli, na mji ukalala bila jina.

Nyange akawatazama mmoja mmoja. "Je, wewe unayesikiliza, ungeupa jina la nani? Ungeamua vipi?"

Hamdu alisema Kombo, maana uzito ni uzito, na maneno hayapandi mlima. Salha alisema Riziki, kwa sababu kitu usichoweza kukitoa huna. Bi Arafa alisema Mize, kwani ndiye aliyeanza, na anayeanza ndiye husahauliwa. Wakabishana mpaka mchele ukaachwa na ungo wake, kila mmoja akimtetea wake kama ndugu wa damu. Nyange aliwatazama kwa fahari. Katika bandari zote alizoshuka hakupata kusikilizwa hivi. Akajiweka sawa mkekani, akasafisha koo.

"Sasa, kwa jinsi ninavyoona mimi, jina hilo lingekuwa..."

"Wewe hukuulizwa," alisema Bi Arafa. "Tumeulizwa sisi."