Chai ya Kiboko na Chai ya Digidigi

Hapo zamani za kale, wanangu (Kibwana, acha kutafuna kucha, sitasema tena!), wanyama walikuwa na nyumba zao na mabirika yao ya umeme. Huko mtoni, ugomvi wa mpaka uliamuliwa kwa chai: maji ya nani yatachemka kwanza?

Siku moja Kiboko akaja kwa Mama Digidigi. Tu! Tu! Tu!

"Hama na wanao! Napanua bwawa langu."

"Jamani, baba! Tutalala wapi?" Digidigi akalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha kweli.

"Basi tushindane kwa chai," Kiboko akasema.

Digidigi akafuta machozi haraka. "Mimi nina betri tu, baba. Nikizipanga zote, volti mia mbili sitini. Wewe je?"

"He! Gurudumu langu la maji linafua umeme wa kwenda na kurudi. Unapanda mpaka volti mia tatu arobaini kileleni, unashuka, unageuka, unapanda mia tatu arobaini upande wa pili!"

"Yarabi, nimekwisha! Basi apa mbele ya Kobe, mwamuzi wetu: ukishindwa, hugusi ua wangu tena."

Kiboko akaapa huku anacheka mpaka tumbo likatikisika.

Mabirika yakawa sawa, maji sawa. Kobe akasema, "Haya!"

Vuuu... Bwata bwata bwata! La Digidigi likachemka. La Kiboko lilikuwa bado linanung'unika.

"Wizi!" Kiboko akanguruma. "Mia tatu arobaini ishindwe na mia mbili sitini?"

"Baba, wanao wakibembea, hukaa kule juu?"

"Aa, wakifika tu wanashuka."

"Basi na umeme wako ndivyo ulivyo. Unagusa kilele, unashuka mpaka sufuri, unapanda tena upande wa pili. Maji hayajali umetoka upande gani, lakini ukiwa chini hayapati joto. Ukijumlisha yote, unapasha kama betri za volti mia mbili arobaini. Zangu ni mia mbili sitini, na hazishuki."

"Kumbe ulijua tangu mwanzo!"

"Ndiyo maana nikakuapisha."

Kobe akacheka mpaka kichwa kikaingia ndani. Na kwa mila yao, aliyeshindwa ndiye anayemimina chai.

"Sukari?" Kiboko akauliza kwa unyonge.

"Nyingi, baba. Na wewe karibu unywe, ila kaa upande wako wa mpaka."

Haya wanangu, msimpime mtu kwa pale anapofika mara moja tu. Mpimeni kwa kazi anayoifanya kutwa nzima.